Zana ya Gidudu

Simu ya Mama Khainza ilinikuta karakanani Jinja asubuhi ya Jumanne, nimeinamia mashine ya kutotolea vifaranga iliyoletwa na mteja kutoka Kamuli. Hakulia. Alisema tu, "Zaina, Gidudu ametuacha," akanitajia siku ya mazishi ya mumewe, akasema ana watu wengine wa kupigia. Nilipoweka simu chini niliendelea kukaza skrubu moja kwa muda mrefu mno, mpaka kichwa chake kikaliwa na bisibisi ikawa inazunguka bure. Marehemu angenifokea kwa hilo. Mtu yule aliweza kuvumilia njaa, mvua na hotuba za wanasiasa, lakini skrubu iliyoliwa kichwa ilimkosesha raha siku nzima. Nikafunga karakana mapema, nikapakia mchele na sukari kwenye pikapu, na kesho yake nikashika barabara ya Iganga kuelekea Mbale, nikilia kwa vipindi, kama mvua ya Jinja inayonyesha upande mmoja wa barabara na kuuacha wa pili mkavu.

Nimezoea kumwita mwalimu wangu, na watu hudhani alinifundisha miaka. Alinifundisha siku moja. Mchana mmoja tu, mezani kwake Nkoma, pembeni ya mji wa Mbale, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na sahani ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwetu. Lakini karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii, na mengine yasiyo ya kazi, niliyapata mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka ule wote unauzunguka mchana huo. Habari za ukoo wangu niziache zilale. Hazina la kuongeza hapa, isipokuwa kwamba kwetu ni Mbale, na hilo litanifaa mbele kidogo kama kisingizio.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka moja la zamani katikati ya mji wa Jinja, katika yale majengo waliyoyajenga Wahindi, yenye veranda na mwaka uliochongwa juu ya mlango. Ilikuwa chumba kirefu chembamba, dirisha moja, meza nne, na ukuta mzima umetundikwa nyaya zilizopangwa kwa rangi. Mwenyewe alikuwa Mzee Balbir, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na hasira za karibu. Baba yake alitengeneza mashine za kusaga, yeye akatengeneza redio, na sasa, uzeeni, alikuwa akitengeneza mashine za kutotolea vifaranga: sanduku la mbao lenye sponji ndani ya kuta, hita, feni, kipimajoto, na chipu ndogo yenye programu ya kuviamrisha vyote hivyo. Saa saba mke wake aliteremsha sufuria ya dengu na chapati kutoka ghorofani, na tulikula wote kwenye meza moja baada ya kupuliza vumbi la risasi ya kuchomelea pembeni. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vya kutosha. Nilikua nikiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, lugha ya kuamrishwa ushuke garini utoe kitambulisho. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mtu anakitumia kuomba chumvi.

Sheria ya pale ilikuwa moja, na Mzee aliirithi kwa baba yake. Zana aliyoitengeneza mtu kwa mkono wake ni yake. Haiguswi bila kuombwa, na siku akiondoka anaondoka nayo. "Mtu naenda na mkono yake," Mzee alipenda kusema. "Zana pia iko mkono." Kila mtu alikuwa na kitu chake. Mimi nilikuwa na kibano nilichokichonga kwa kipande cha msumeno wa chuma, nacho bado ninacho.

Kiti nilichopewa kilikuwa cha Gidudu, na kilikuwa bado na umbo lake. Alikuwa ameondoka wiki tatu kabla sijafika. Niliyasikia mambo yake kwa vipande, wakati wa dengu, watu wakisimuliana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni chupa ya maji. Yeye ndiye aliyeandika programu yote ya mashine, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, miaka miwili. Siku moja akaomba jina lake lichongwe kwenye bati la mbele ya kila mashine, chini ya jina la karakana. Mzee akasema bati ni la karakana. Maneno yakapanda, tena mbele ya mteja, na Gidudu akafunga sanduku lake. Lakini alikuwa mtu wa haki. Kabla ya kutoka aliketi kwenye kompyuta, akalitafuta faili moja alilolitengeneza mwenyewe nje ya saa za kazi, akalitia kwenye flashi, akalifuta pale lilipokuwa, akamwambia Mzee, "Nimechukua zana yangu." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Sheria ni sheria. Kichwani mwake faili lilikuwa kama koleo: mwingine atakuja na la kwake.

Kwa miezi miwili hakuna aliyejua kilichoondoka, maana programu iliyokwisha kujengwa tulikuwa tukiinakili tu kwenye kila chipu mpya. Ndipo akaja Hajati Zubeda wa Bugembe, mwanamke mnene, mpole, mwenye tasbihi mkononi, aliyeuza vifaranga kando ya barabara kuu. Yeye alitaka mashine ya bata. Yai la kuku hukaa siku ishirini na moja, la bata siku ishirini na nane. Ni kubadilisha namba moja, nikasema, kazi ya dakika mbili. Nikaibadilisha, nikaiambia kompyuta iijenge programu upya, nayo ikanirudishia makosa sitini na kitu.

Yote yalisema jambo lile lile: aina hii siijui. Katika C huwezi kuandika namba hivi hivi. Ni lazima kwanza useme ni ya aina gani, yaani itapewa nafasi kubwa kiasi gani, na kama inaweza kushuka chini ya sifuri au haiwezi. Gidudu alizipa aina zake majina mwenyewe, joto, muda na zamu, kwa Kiswahili, ili Mzee akisimama nyuma yake asome kitu anachokielewa. Maana ya majina hayo ilikuwa imeandikwa katika faili lile moja. Programu yote iliyabeba majina, na hakuna tena mahali paliposema ni majina ya nini. Nusu ya makosa niliyamaliza asubuhi moja, maana kuna faili la kawaida ambalo kila mtu analo, na lilikuwa likiitwa kupitia la Gidudu; nikaliita moja kwa moja, likaitika. Yakabaki yale majina matatu.

Ningeweza kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa wamekalia kiti cha Gidudu. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale ndani, na siku ya kuomba kazi nilikuwa nimesema C naijua, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili. Basi nikabuni. Kila jina nikalipa aina moja, ile isiyoshuka chini ya sifuri. Kwenye joto nilifikiri sana, tena nikajipongeza. Nani amewahi kuona Jinja inafika sifuri? Barafu sisi tunaijua kwenye soda. Nikaandika mistari mitatu, nikajenga, na skrini ikanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, sijakula kitu kitamu kama ule ukimya, na mpaka leo nikiukumbuka naona aibu.

Siku ya kuchukuliwa mashine ilikuwa Ijumaa. Niliiwasha saa tano na nusu, joto likapanda kutoka ishirini na sita hadi thelathini na sita, na watu wakanipigia makofi. Lilitakiwa lifike thelathini na saba na nusu na kusimama hapo, lakini dereva wa Hajati alikuwa mlangoni anatazama saa, anataka kuwahi sala ya Ijumaa Bugembe, na mimi mwenyewe nilikuwa sijatawadha. Thelathini na sita, tukasema, imebaki hatua moja. Haraka haraka haina baraka. Hiyo nayo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni.

Jumamosi asubuhi tuliitwa. Mashine ilikuwa kwenye stoo nyuma ya duka la Hajati, na harufu ilitupokea kabla ya mlango: mayai ya kuchemsha, kama asubuhi ya sikukuu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ile tuliyomwambia kwamba ikiwaka hana haja ya kuwa na wasiwasi. Kipimajoto kilisoma sitini na nane. Trei nane za mayai ya bata, aliyoyakusanya kwa wiki mbili kutoka kwa wanawake wa huku Bugembe mpaka Bugiri. Mzee alishika yai moja, akalihamisha haraka mkono hadi mkono, akanitazama. Nilitazama viatu vyangu.

"Ni umeme, Hajati," Mzee akasema. "Umeme ya hapa mbaya. Napanda, nashuka."

Hajati alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. "Umeme," akasema. "Kale, haya basi. Mayai mengine nitapata baada ya wiki mbili, inshallah."

Tulirudi Jinja na mashine nyuma ya pikapu. Mzee alingoja tuingie mjini. "Mimi nimesema uongo kwa mwanamke iko na tasbihi," akasema. "Kwa sababu yako, beti, binti yangu. Sasa wewe tengeneza. Kama hapana, mimi nafunga hii kazi ya mayai, narudi redio. Na redio haitaki watu wengi." Ilikuwa wazi nani angekuwa wa kwanza kutotakiwa.

Nilitafuta juma zima. Nilibadilisha waya, nikabadilisha hita, nikabadilisha kipimajoto. Nilibadilisha kila kitu ambacho hakikuwa changu. Moyoni nilijua ni ile mistari mitatu, ila sikujua ni upi, wala kwa nini. Nilipomwambia Mzee labda tumwombe Gidudu faili, alipandisha bega. "Zana ya mtu. Mwenyewe aliondoka. Mimi siombi." Basi Jumapili nikamwambia nakwenda Mbale kumwona mama. Nikaichapa programu yote kwenye karatasi, nikaificha katikati ya gazeti, nikaenda Nkoma.

Bodaboda ilinishusha kwenye geti la rangi ya damu ya mzee. Gidudu alikuwa amepata kazi ya kufundisha kwenye chuo cha ufundi, na nyumba yake ilikuwa tayari nyumba ya mwalimu: vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda mbili ukutani, rundo la karatasi za mitihani mezani, na harufu ya malewa yanayochemka kwenye karanga kutoka jikoni. Alikuwa mfupi kuliko sifa zake, penseli sikioni, soksi ndani ya kandambili. Tulisalimiana kwa mulembe, salamu ya kwetu, kama watu wa mlima mmoja, kisha akahamia Kiswahili cha karakana, na nikajua kwamba ananiona kama mtu wa kule.

"Nimekuja kuomba zana yako," nikasema.

"Mzee amekutuma?"

"Hapana. Anajua niko kwa mama."

Akacheka. "Kumbe umeanza na uongo."

"Huu ni wa pili," nikasema, nikamweleza mayai.

Kicheko kikaisha. "Yaliiva?"

"Yaliiva."

"Bambi," akasema, polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba wa jirani. Mkewe, Mama Khainza, alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Baba Khainza, si umwambie tu huyu binti—"

"Lete chai," akamkata.

Nilidhani mama wa watu ananitetea, anataka mumewe aache kiburi anipe faili. Nilimpenda papo hapo.

Gidudu alivuta karatasi moja ya mtihani, akaigeuza upande mweupe. "Zana yangu haitakufaa," akasema. "Ile ilikuwa ya kuku. Wewe uko na bata. Hebu kaa. Muda unahesabu nini?"

"Dakika."

"Kuku siku ishirini na moja. Zidisha."

Nikazidisha: elfu thelathini, mia mbili na arobaini. "Bata?" Elfu arobaini, mia tatu na ishirini. Akafumba macho, vidole vikicheza juu ya goti. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi nikadhani ananipa nafasi nifikiri. "Aina niliyotumia mimi," akasema mwisho, "inaishia elfu thelathini na mbili na kitu. Kwa kuku inatosha. Kwa bata, mashine ingekwenda vizuri mpaka siku ya ishirini na mbili, vifaranga wanajigeuza ndani ya yai, halafu hesabu inapinduka." Kumbe hata kama Mzee angeomba, na Gidudu angetoa, Hajati angelia tu, tena baadaye.

"Sasa joto," akasema. "Linaweza kushuka chini ya sifuri?"

"Hapa kwetu? Hapana."

"Nani amekuuliza habari ya kwetu? Nauliza namba. Nionyeshe kila mahali jina hili limekaa."

Tukatandaza karatasi zangu mezani, juu ya vitambaa, mpaka sakafuni. Tulipita mstari kwa mstari, yeye na penseli, mimi na kidole. Mama Khainza alituruka akileta chai, akaturuka akirudi. Kwenye ukurasa wa tano kidole changu kilisimama. Pale programu ilichukua joto linalotakiwa, ikatoa joto lililopo, na tofauti ikaiweka kwenye aina ile ile ya joto. Mashine ikipoa, tofauti iko juu ya sifuri, washa hita. Mashine ikizidi hata kidogo, tofauti inashuka chini ya sifuri, zima. Lakini aina niliyoipa mimi haikujua kushuka chini ya sifuri. Badala ya kuwa ndogo kuliko sifuri, ilizunguka ikawa namba kubwa ajabu. Mayai yalikuwa yanaungua, na chipu yangu inasoma kwamba bado kuna baridi kali, ongeza moto. Kule karakanani tulikuwa tumezima kwenye thelathini na sita, kabla haijavuka.

Nilifunika uso kwa mikono. Gidudu hakuniambia pole. Alisogeza sahani ya malewa mbele yangu, akanisubiri nimeze tonge la kwanza, ndipo akasema, "Kompyuta ilikuuliza swali mara sitini. Wewe uliijibu ili inyamaze."

Tulimaliza na zamu, hesabu ya mara ngapi mayai yamegeuzwa. Hiyo nayo ilimchukua muda; alifuta, akaandika, akafuta tena, jasho likimtoka puani, nikaona labda ni pilipili. Mwisho nilikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wangu, na kila mmoja niliweza kuutetea mbele ya kadhi. Akanipa penseli. "Andika jina lako juu."

"Lakini hii ni yako."

"Zana ni ya mkono ulioitengeneza. Huo ni mkono wa nani?" Nikaandika. Akanipa na mzigo wa malewa makavu, eti ya mama.

Mzee Balbir alinusa ule mzigo kabla sijauweka chini. "Mama yako nakaa Nkoma sasa?" akauliza. Alivaa miwani, akasoma faili kwenye skrini, akaona jina langu mstari wa kwanza, akaguna. Kisha akavuta kiti, akaenda kuazima kipimajoto cha homa kwenye zahanati ya jirani, akaketi mbele ya mashine mwenyewe, kama mtu anayelinda mgonjwa. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na saba na nusu, nukta sita, nukta saba, halafu tukasikia kile kidude cha ndani kinasema tik, na hita ikazimika. Ikapoa kidogo, tik, ikawaka. Tuliisikiliza siku tatu. Nadhani ni muziki pekee tuliowahi kuusikiliza pamoja.

Mashine niliipeleka Bugembe mimi. Hajati alikuwa kwenye stoo akipanga trei mpya nane, na mimi nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitasema nikishaiwasha, halafu nikishaona joto, halafu nikishakunywa maji. Mwisho nilisema nikiwa nimeshika waya ambao haujachomekwa. "Hajati, haukuwa umeme. Ni mimi. Nilibuni kitu nisichokijua, kikaunguza mayai yako."

Aliendelea kupanga mayai. "Mwanangu," akasema, "mimi nimepika mayai miaka arobaini. Umeme ukikwenda, yai linakuwa baridi. Yale yaliiva. Moja nilitia chumvi nikala." Akageuka. "Nilikuwa nangoja nione nani kati yenu ataniambia. Mficha uchi hazai. Wewe umesema, basi, imekwisha. Mayai yamekufa, wewe hujafa. Sasa washa, na leo huendi Jinja. Unakaa hapa na mashine yako mpaka mimi nichoke kukuona." Nililia huku nimeshika ule waya, naye akaninyang'anya akauchomeka mwenyewe. Nilikaa kwake siku tatu, nikila wali wake na kusoma namba kila saa. Niliporudi, Mzee aliuliza, "Umemwambia?" Nikasema ndiyo. "Na mimi?" Nikamwambia Hajati anamngoja. Akaenda na sanduku la mithai, vitamutamu vya Kihindi, amefunga kilemba kipya, na hakunisimulia walisema nini.

Siku ya ishirini na nane nilisimama Bugembe nikiona yai la kwanza likipasuka. Nilitoka nje, barabara kuu inanguruma, nikampigia Gidudu. "Wametoka," nikasema, "bata wametoka, mwalimu!" Yeye akasema, "Kale. Vizuri," akakata simu. Iliniuma. Nilimheshimu miaka yote hii, nilimtembelea kila Idi na kila Krismasi, tuligombana juu ya skrubu, lakini "kale, vizuri" ile ilibaki kooni kama mwiba wa samaki. Mzee Balbir alipofariki, akiwa ameniachia karakana na sheria yake, Gidudu alikuja Jinja, akasimama kwenye veranda akiangalia bati la mashine iliyokuwa mlangoni, akarudi Mbale bila kuingia.

Tulimzika Ijumaa, mlimani kwao, kwenye tope. Jioni tulirudi Nkoma, kwenye meza ile ile, vitambaa vingine. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria nyuma, na Mama Khainza alikuja kuketi kando yangu, akanyoosha miguu, akaanza kukunja leso yake mara nne, mara nane.

"Zaina. Ile flashi, alikuambia?"

"Aliniambia nini?"

"Mimi niliifua," akasema. "Wiki ile ile alitoka Jinja. Iko mfukoni mwa suruali, mimi nikatia kwenye beseni na sabuni. Haikufunguka tena. Siku ulikuja, huyu mtu hakuwa na kitu. Nilitaka akuambie, yeye akasema lete chai."

Nilimwona tena amefumba macho, vidole juu ya goti. Hakuwa ananipa nafasi. Alikuwa anatafuta, kama mimi, kwa mashaka yale yale, na hakuwa na mahali pa kuangalia.

"Ulipokwenda alilala kitandani na viatu," Mama Khainza akaendelea. "Akasema, nafikiri nimekumbuka, lakini sina hakika. Kila asubuhi alichora alama kwenye kalenda. Siku ishirini na nane, Zaina, hakula vizuri. Siku ile ulipiga simu alikuwa hapa, hapa ulipokaa, tangu asubuhi ameishika. Ulisema wametoka, akaweka simu chini, akaenda nyuma ya nyumba, akacheka peke yake kama mwehu. Halafu akalia. Nikamwambia, mwambie mtoto wa watu. Akasema, akija nitamwambia. Kila Idi, kila Krismasi. Aliona haya. Umkasirikie kama unataka."

Nikamshika mkono. Nilimwambia maneno ya Hajati, kwa kuwa sikuwa na mengine: kwamba mwenyewe amesema, basi, imekwisha. Akasema lakini si yeye aliyesema, ni mimi nimemsemea. Nikamwambia ninyi mlikuwa mtu mmoja. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na mimi nikalia naye, mpaka wale wa masufuria wakaja kututazama.

Jumatatu nilifungua karakana peke yangu. Nilikaa kwenye kiti cha Gidudu, nikalifungua faili. Limekuwa refu sasa, lina kanga, lina bata mzinga, lakini mistari mitatu ya mwanzo ni ile ile, na juu yake jina langu. Bati la mbele bado ni la karakana peke yake, sheria sijaigusa. Juu ya jina langu nikaandika la kwake. Ni mstari ambao chipu haiusomi, wanausoma watu tu. Nikaiambia kompyuta ijenge upya, ikajenga, haikuuliza kitu. Kisha nikachukua drili, nikaivutia karibu ile mashine ya Kamuli, nikaanza kuitoa skrubu niliyoiharibu kichwa.